Tisa Nukta Tano kwa Hamsini

Msichana wa mapokezi kwenye ghala la mnunuzi hakuwa na dharau hata chembe, na pengine ndiyo maana Aneth aliona aibu zaidi. Angemdharau, angalau Aneth angepata mtu wa kumkasirikia. Lakini Eveline, ndivyo jina lilivyosomeka kwenye koti lake jeupe, alichukua maparachichi kumi kutoka kreti kumi tofauti, akayamenya, akaikwangua nyama yake nyembamba kama maganda ya viazi, akaipima, akaikausha kwenye maikrowevu, akaipima tena, akaikausha tena, mpaka uzito ukagoma kushuka. Kisha akaandika kwenye karatasi, akaizungusha juu ya meza ili Aneth asome mwenyewe.

Ukavu: asilimia 19.0.

"Sisi tunapokea kuanzia ishirini na tatu," alisema Eveline. "Haya bado machanga, dada yangu. Yakichumwa hivi hayaivi. Yanasinyaa tu, yanakuwa kama kandambili."

Nje, upepo wa Makambako ulikuwa unalipigapiga turubai la Fuso. Kreti sabini za kikundi zilikuwa mle ndani. Mavuno ya kwanza ya kazi ya mwaka mzima ya watu kumi na wanne wa kata ya Ramadhani, kule Njombe.

"Lakini tulipima," Aneth alisema. "Mimi mwenyewe nilipima. Ni ishirini na tatu nukta nne."

Eveline alimtazama kwa huruma. "Basi, dada, mliyopima siyo mliyoleta."

Festo, mwanachama mwenzake aliyesindikiza mzigo, alikuwa ameegemea mlango akitafuna muwa. Aliacha kutafuna. Sentensi ile aliidaka kama mtu anavyodaka funguo alizorushiwa, na njia nzima ya kurudi Njombe alikuwa anaigeuzageuza. "Mliyopima siyo mliyoleta. Umesikia, Aneth? Kuna mtu katuchanganyia."

Aneth aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye pochi. Alikuwa na hakika na hesabu yake. Mwaka uliopita kazi ile ilifanywa na bwana shamba, lakini bwana shamba alihamishwa, na wanakikundi walipotazamana nani ashike mizani, macho yote yalimwangukia Aneth. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Shule aliiacha kidato cha pili mimba ya mwanawe Rejoice ilipoanza kuonekana, na sasa alikuwa akienda masomo ya jioni ajiandae na mtihani wa maarifa, unaomfungulia aliyeacha shule njia ya mtihani wa kidato cha nne. "Huyu anasoma," walisema. Neno hilo lilimkaa kifuani wiki nzima kama uji wa moto.

*

Wanachama walikuwa wanawasubiri kwenye chumba cha kikundi, nyuma ya duka la mbolea. Waliposikia Fuso linarudi na uzito uleule liliokwenda nao, hakuna aliyehitaji kuuliza. Hata hivyo mwenyekiti, Mzee Hezekia, aliuliza, kwa kuwa mwenyekiti lazima aulize.

Festo akaeleza, na mwishoni akaiweka ile sentensi mezani: mliyopima siyo mliyoleta.

Halafu, bila mtu kutaja jina, vichwa vikaanza kugeuka kuelekea pembeni alikokuwa ameketi Mama Telesia.

Mama Telesia alikuwa mjane wa miaka sitini na kidogo. Shamba lake liko bondeni, baridi inakolala, na kila mtu anajua miti ya bondeni huchelewa kutoa maua, na matunda yake huchelewa kukomaa. Isitoshe, siku ya kuchuma yeye hakuwa na vibarua. Alileta kreti zake mwisho kabisa, peke yake, wenzake wakiwa wameshakwenda kula.

"Mama Telesia," alisema Hezekia, "tulipima matunda ya kila shamba, yakiwemo ya kwako. Baada ya kupima, uliongeza yapi?"

"Sikuongeza kitu. Nilichuma mti uleule mlioupigia alama."

"Mizani imesema ishirini na tatu. Makambako wamesema kumi na tisa. Hizo nne zimekwenda wapi?"

"Mie nitajuaje? Mimi ni mizani?"

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza. Hezekia akamgeukia Aneth. "Mama Rejoice. Ulipima vizuri?"

Hapo ndipo Aneth alipojibu, kwa sauti kamili, mgongo ukiwa umenyooka, sauti ya mtu anayesoma: "Nilipima vizuri, mwenyekiti."

Kanuni ya kikundi ilikuwa fupi, waliitunga wenyewe. Mwenye kuchanganya machanga na yaliyokomaa anafutwa jina, na asiye na jina hana pa kuuzia, maana mnunuzi hanunui kwa mtu mmojammoja. Hezekia alifungua daftari, akaweka rula chini ya mstari wa saba, akakata. Alikata taratibu, kama mtu asiyependa anachokifanya lakini anataka kionekane kimefanywa vizuri.

Mama Telesia alisimama. Hakulia wala hakuapa. "Kreti mbili za kijani ni zangu," alisema. "Nilizinunua mimi, si za kikundi. Naomba nizichukue."

*

Jumanne, saa kumi na moja jioni, Aneth alimkalisha Rejoice chini ya dawati na penseli tatu za rangi, kama kawaida. Darasa lilikuwa na watu kumi na sita, wengi wao kinamama, wengine wakitokea sokoni moja kwa moja na vitenge vyao vya kazi. Mwalimu Remmy alifundisha mtihani wa maarifa kana kwamba mtihani ule ulikuwa ndugu yake mwenye hasira ambaye yeye peke yake anajua namna ya kumtuliza.

"Darasa lina wanafunzi arobaini," alisema, akiandika. "Wasichana ni asilimia arobaini na tano. Wasichana wangapi? Hatujui, tunawaita eksi. Hatua ya kwanza, Jeni?"

Jeni, muuza mboga, alisimama. "Eksi juu ya arobaini ni sawa na arobaini na tano juu ya mia."

"Ya pili?"

"Tunazidisha pande zote kwa arobaini. Eksi inabaki peke yake. Arobaini na tano mara arobaini ni elfu moja mia nane. Gawa kwa mia. Kumi na nane."

"Wasichana kumi na nane. Wavulana?"

"Ishirini na wawili."

"Safi. Sasa nawageuzia. Nimeficha swali la kwanza. Nakwambia wasichana kumi na nane, wavulana ishirini na wawili. Nipe asilimia ya wasichana."

Jeni hakusita. "Kumi na nane juu ya ishirini na mbili, mara mia."

Mwalimu Remmy hakumkatisha. Alimwachia apige kwenye simu. "Themanini na moja nukta nane," Jeni alisoma, na kabla hajamaliza darasa lilikuwa limeanza kucheka, naye akacheka pia, akiziba mdomo.

"Kwa hiyo wasichana karibu ndilo darasa zima," alisema mwalimu, "na wavulana ishirini na wawili wamejibana kwenye asilimia kumi na nane. Wamekaliana mapajani, Jeni?" Darasa likazidi kucheka. "Sikilizeni. Hapa Jeni hajaliweka darasa. Amewaweka wasichana upande huu na wavulana upande ule. Huko ni kulinganisha, na kulinganisha si dhambi. Lakini asilimia haiulizi hivyo. Asilimia inauliza, ndani ya wote, hawa ni wangapi? Chini wanakaa wote, na wale uliowaweka juu wakiwemo."

Aneth hakucheka.

Alichomoa ile karatasi ya Makambako kwenye pochi, akaikunjua mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kumi na tisa. Akaandika pembeni mwa daftari, herufi ndogondogo, kana kwamba mtu angemchungulia. Sampuli yake kule chumbani ilikuwa gramu hamsini, mbichi. Kama Makambako wako sahihi, kikavu changu, kile kinachobaki baada ya kukausha, kilipaswa kuwa eksi. Eksi juu ya hamsini ni sawa na kumi na tisa juu ya mia. Zidisha pande zote kwa hamsini. Mia tisa na hamsini, gawa kwa mia.

Tisa nukta tano.

Hakuhitaji kwenda kutazama daftari la kikundi. Gramu zile alizikumbuka, maana alizisoma kwenye mizani mara tatu, akiwa na furaha. Ilibaki gramu tisa na nusu. Maji yaliyotoka yalikuwa gramu arobaini na nusu. Naye alichukua tisa na nusu, akagawa kwa arobaini na nusu, akazidisha kwa mia, simu ikampa ishirini na tatu nukta nne na mkia mrefu wa tarakimu.

Mizani yake na mizani ya Makambako hazikugombana. Zilisema neno moja. Aliyesema lingine ni yeye.

Na kosa lenyewe alilijua lilikotoka, hilo ndilo lililomchoma zaidi. Tangu akiwa na miaka saba alikuwa akimsaidia mama yake kupiga dawa ya viazi. Vizibo viwili vya dawa kwa bomba moja la maji. Dawa huku, maji kule. Hakuna mkulima Njombe nzima aliyewahi kuhesabu dawa ndani ya jumla ya dawa na maji, ungechekwa. Kwa hiyo siku ile mizani ilipompa kikavu na maji, mikono yake ilifanya kile ilichofundishwa shambani. Kikavu huku, maji kule. Tunda zima alilisahau.

"Aneth, vipi?" aliuliza mwalimu. "Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Chini ya dawati Rejoice alimgusa mguu. "Mama, tunaenda?"

*

Usiku ule alimpigia Gideoni, baba Rejoice, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashine ya mbao Makambako na kurudi mwisho wa mwezi. Alimweleza yote, hatua kwa hatua.

"Nyamaza tu," Gideoni alisema. "Nani mwingine pale anajua kugawa? Wakikushusha hapo hawatakupandisha tena. Na matunda hayarudi mtini."

Aneth aliyashika maneno yale Jumatano, akayashika Alhamisi. Matunda hayarudi mtini. Ilikuwa kweli, lakini kila alipoyarudia maneno hayo aliyasikia yakipungua uzito, kama ile sampuli kwenye maikrowevu, na kilichobaki chini hakikuwa kweli hata kidogo. Kilikuwa woga wake tu. Aliogopa kuitwa msomi kwa sauti ya dhihaka. Aliogopa baba yake, ambaye hakuwa amemsamehe tangu kidato cha pili, aambiwe sokoni kwamba hata hesabu za vizibo zimemshinda. Ijumaa alipita njia ya juu kwenda dukani ili asipite karibu na kwa Mama Telesia. Jumamosi akapita njia ileile tena.

Jumapili hapakuwa na njia ya juu.

Kanisani kwao, waumini wasio na pesa taslimu huleta sadaka ya mazao, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa pale nje kwenye nyasi. Mkungu wa ndizi, kuku, debe la mahindi, maua ya mtu. Mwinjilisti hunadi kwa utani, watu hupandishiana bei, na hata kabichi moja hununuliwa kwa bei ya kabichi tano, kwa sababu ni ya Mungu na kwa sababu jirani anatazama.

Mama Telesia alikuwa ameleta kikapu cha maparachichi.

"Haya, maparachichi ya Mama Telesia, mazuri haya," alisema mwinjilisti. "Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Mwinjilisti alitaja bei ndogo, kisha ndogo zaidi. Watu walitazama viatu vyao. Ndipo mtu nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Yanaiva mwaka kesho hayo," na kicheko kikapita kwenye nyasi kama upepo mfupi, kikakatika.

Aneth alisimama hatua sita kutoka kwenye kile kikapu. Alikuwa na noti mkononi, ameikunja. Mkono haukuinuka. Alitaka uinuke, aliuamuru, lakini aliona kwamba akinunua watu watauliza kwa nini yeye, na hakuwa na jibu lingine isipokuwa lile moja.

Mwinjilisti alikisogeza kikapu pembeni na kuchukua kuku. Mama Telesia alibaki amesimama mpaka mnada ukaisha, kwa kuwa kuondoka kungekuwa kukubali.

*

Aneth alimkuta Mama Telesia jikoni kwake saa kumi jioni, anachambua maharage kwenye ungo.

"Kamwene, mama," Aneth alimsalimu.

"Kamwene. Mtoto yuko wapi?"

"Nimemwacha kwa jirani."

"Basi ni maneno mazito. Kaa."

Aneth hakukaa. Alisema akiwa amesimama mlangoni, na alichosema hakikuwa na mpangilio wowote wa darasani. Alianzia katikati, akarudi nyuma, akasema sikukusudia kabla ya kusema nini. Mama Telesia aliacha mikono yake ndani ya maharage.

"Subiri," alisema. "Mimi niliishia darasa la nne. Nipe polepole. Unasema mimi sikuchanganya?"

"Hukuchanganya, mama. Hakuna aliyechanganya. Matunda ya watu wote yalikuwa machanga, ila mimi nilihesabu vibaya."

"Vibaya vipi?"

Aneth alipiga magoti kando ya ungo. Alihesabu maharage mia moja, akayatenga. Ilichukua muda. Kisha kutoka kwenye yale mia akatenga kumi na tisa.

"Haya mia ndilo tunda, mama, zima. Tukilikausha, haya themanini na moja yanaondoka. Ni maji. Haya kumi na tisa ndiyo yanabaki, ndiyo nyama yenyewe. Makambako waliuliza: kumi na tisa katika mia. Wakapata asilimia kumi na tisa."

"Na wewe?"

"Mimi nilichukua haya kumi na tisa, nikayagawa kwa haya themanini na moja."

Mama Telesia aliyatazama mafungu mawili muda mrefu. Aliyasogeza kwa kidole, akayaunganisha, akayatenga tena.

"Ulisahau," alisema, "kwamba hata haya kumi na tisa nayo ni tunda."

"Ndiyo, mama."

"Ukayatoa ndani, ukapima na yaliyobaki."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana yakaonekana mengi." Alitikisa kichwa, karibu atabasamu, kwa ile furaha ndogo anayoipata mtu akielewa jambo hata likiwa limemuumiza. Kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Umejua lini?"

Swali hilo Aneth alikuwa ameliogopa kuliko yote. "Jumanne, mama. Darasani."

"Leo Jumapili."

"Ndiyo."

"Mnadani ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Mama Telesia aliyarudisha maharage yote kwenye ungo, mia na yale mengine, akayapepeta mara mbili. Makapi yakaruka mlangoni.

"La hesabu nimekusamehe," alisema. "Hapahapa, limekwisha. Hata mimi dawa nachanganya hivyohivyo. Lakini hili la tangu Jumanne, mwanangu, hilo sijui. Hilo uniache nalo kwanza."

"Nitalisema kwenye kikundi, mama. Jumatano."

"Utasema. Jina langu halikukatwa hapa jikoni."

*

Jumatano wanachama wote walikuja, maana Hezekia alikuwa ameitisha kikao cha kuzungumzia hasara. Mama Telesia alikuja pia, akasimama nje ya mlango, kwa sababu asiye mwanachama haingii. Aneth aliomba kusema kabla ya ajenda. Chumbani mle mlikuwa na ubao mdogo wa bei za mbolea. Aliufuta kwa kanga yake.

"Profesa," alisema Festo. Watu wakacheka kidogo.

Aneth aliandika 50 juu kabisa. Chaki ilikatika, akaokota kipande. "Gramu hamsini, mbichi," alisema. "Hizi nilizipima mimi." Akaandika 9.5. "Hizi zilibaki." Akaandika 40.5. "Haya ni maji yaliyotoka. Mpaka hapa ni sahihi." Akawageukia. "Hatua inayofuata ndiyo niliyokosea. Nilichukua tisa nukta tano, nikagawa kwa arobaini nukta tano. Nikapata ishirini na tatu nukta nne. Nikawaambia chumeni."

Akaikata 40.5 kwa mstari, akaandika chini yake 50. "Ilipaswa kugawanywa kwa hamsini. Kwa tunda zima. Nani ana simu? Nawaomba mpige wenyewe, msichukue yangu."

Simu tatu zikatoka. Elieza, fundi seremala mwenye mashaka siku zote, alipiga mara mbili.

"Kumi na tisa," alisema Elieza.

"Kumi na tisa," alisema mwingine.

Hapo ndipo chumba kilipoelewa, si wote kwa pamoja. Ulikuwa ukiona uso mmoja unaelewa, halafu wa pili, halafu mtu anamweleza jirani kwa Kibena. Kisha macho yakaenda mlangoni, kwa mwanamke aliyesimama nje na kitenge chake kimefungwa vizuri, yakarudi haraka.

"Kwa hiyo kreti sabini," Festo alisema, na safari hii hakukuwa na utani, "ni wewe."

"Ni mimi."

"Na siku ile uliulizwa. Mbele yetu wote. Ukasema ulipima vizuri."

"Nilisema. Na nimejua tangu Jumanne ya wiki iliyopita, nikanyamaza siku tano. Mtu amesimama kanisani na kikapu chake, nami nipo, nimenyamaza. Hilo si hesabu. Hilo nimelifanya nikijua."

Aibu, alikuwa amedhani, itamtoka akisema. Haikutoka. Ilipanda mpaka masikioni, ikakaa, na yeye akabaki amesimama nayo, chaki mkononi, vumbi jeupe kwenye kanga.

Elieza alijikuna kidevu. "Mimi lakini ningegawa hivyohivyo," alisema. "Dawa kwa maji. Si ndivyo?"

"Wewe hukuulizwa," mtu akamjibu.

Mzee Hezekia alifungua daftari, akatafuta kalamu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mama Telesia, ingia," alisema bila kuinua kichwa. "Tunakuandika upya. Utakuwa namba kumi na tano."

Mama Telesia aliingia hatua moja. "Mimi ni namba saba."

"Saba imekatwa, mama. Daftari litachafuka."

"Lichafuke. Mliponichafua mimi hamkuuliza. Mimi sikuingia leo, Hezekia. Nilikuwa hapa kabla ya daftari lenyewe kununuliwa."

Mzee akaweka rula chini ya mstari wa saba, juu ya ule mkato wake mzuri, akaandika jina tena kwa herufi ndogo zilizobanana. Kisha akakohoa, akasema, "Tulikosea, mama," akiwa bado anatazama karatasi. Watu wengine wakasema pole, kila mmoja kwa sauti ndogo, kwa wakati wake.

Likabaki la mizani. Aneth alikwisha kuifunga kwenye kitambaa chake na kuiweka mbele ya mwenyekiti. Alitaka ichukuliwe. Alikuwa ameota wiki nzima wanamnyang'anya, na ndani ya ndoto ile kulikuwa na raha fulani.

"Nani atapima?" aliuliza Hezekia.

"Apime yuleyule," alisema Mama Telesia. "Ila asipime chumbani peke yake. Apimie hapa ubaoni, aandike kila hatua, na asiende hatua ya pili mpaka sisi tuseme tumeelewa ya kwanza. Hata ikichukua siku nzima."

Festo akaguna. "Hata Elieza aelewe?"

"Hasa Elieza."

*

Walipima tena baada ya wiki tatu, matunda yaliyokuwa yamebaki mtini. Mvua ilikuwa inanyesha na chumba kilinuka parachichi la moto, harufu nzito kama ya mafuta ya kupikia. Watu kumi na watatu walikaa kwenye mabenchi, wamekunja mikono, kama watahiniwa waliogeuka wasimamizi. Aneth aliandika 50. "Tumeelewa," wakasema. Alisoma mizani, akamwita Elieza aisome pia, akaandika 10.5. "Tumeelewa." Mkono ulipokwenda kuandika namba ya chini alisita, na kabla chaki haijagusa ubao, sauti zikatoka mabenchini, tatu au nne kwa pamoja, zikimsahihisha kosa ambalo hakuwa amelifanya.

"Chini tunda zima, Mama Rejoice."

"Tunda zima," alisema, akaandika 50. Uso ulimchoma. Alijua utamchoma kila mara, msimu huu na ujao, na kwamba hakuna mtu katika chumba kile atakayesahau chini kunakaa nini. "Kumi nukta tano kwa hamsini, mara mia. Pigeni."

Wakapiga. Ishirini na moja. Haikufika. Festo alitukana mvua, watu wakavaa makoti, wakakubaliana wiki mbili zaidi.

Mama Telesia alibaki nyuma kufunga kitenge kichwani. Aneth alikuwa anaosha kisu.

"Mama," alisema, bila kugeuka. "Lile la Jumanne."

"Lipo." Alikaza fundo. "Limebaki kama robo hivi."

"Asilimia ishirini na tano," Aneth alisema, kabla hajajizuia.

"Robo naijua, usinifundishe," alisema Mama Telesia, akatoka mvuani.